Chujio la sponji kwenye tangi dogo la mimea: uzoefu wangu

Kati ya vifaa vyote nilivyonunua kwa ajili ya tangi langu la samaki, chujio la sponji ndilo la bei ya chini, na ndilo la mwisho ningekubali kuliondoa. Tangi ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kama lita 54 likijaa pomoni, liko sebuleni hapa Dar es Salaam. Ndani kuna mimea ya anubiasi na valisneria, samaki gapi na uduvi wadogo wekundu.

Linavyofanya kazi ni rahisi. Pampu inasukuma hewa kwa kimpira hadi kwenye bomba la katikati, mapovu yanapanda, na yakipanda yanavuta maji kupitia sponji. Uchafu unanasa, lakini faida kubwa ni bakteria wanaoota kwenye vitundu vya sponji. Hao ndio wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ni chakula cha mimea. Uvutaji wake ni wa taratibu, kwa hiyo watoto wa gapi na uduvi hawamezwi. Uduvi wenyewe hushinda juu ya sponji wakidonoa.

Kwa joto letu hayo mapovu ni msaada. Maji ya nyuzi 29 hubeba oksijeni kidogo kuliko ya nyuzi 24, na usiku mimea nayo inavuta oksijeni badala ya kuitoa.

Halafu kuna umeme. Ukikatika saa nyingi, bakteria walio ndani ya chujio la kopo lililofungwa hukosa hewa, na ukirudi uozo wote unamwagwa kwa samaki. Sponji iko wazi ndani ya tangi, kwa hiyo bakteria wake wanavumilia zaidi. Ila usifunge pampu chini ya usawa wa maji bila vali ya kuzuia maji yasirudi. Pampu ikizimika, maji yanaweza kushuka na kimpira hadi kwenye pampu na sakafuni. Vali hiyo ina upande wake: puliza kwa mdomo kabla hujaifunga, upande mmoja hewa inapita, mwingine inagoma.

Kusafisha ndiko kunakotaka nidhamu. Kila wiki nabadilisha robo ya maji, na mapovu yakianza kutoka kwa shida ndipo naitoa sponji na kuikamulia kwenye ndoo ya maji yaleyale yaliyotoka kwenye tangi. Usiioshe bombani, klorini itaua bakteria uliowafuga. Maji yanatoka ya kahawia iliyokoza, yananuka kama udongo uliolowa, na hiyo ni dalili nzuri. Ukisikia harufu ya yai viza, sponji imekaa mno bila kukamuliwa. Ndoo hiyo naimwagia mchicha, na unaipenda kwelikweli. Maji mapya nayatia dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia.

Mapungufu yapo. Pampu inanguruma, na usiku utaisikia. Nimeiweka juu ya kipande cha godoro, afadhali kidogo. Sponji inakula nafasi na haipendezi machoni, kwa hiyo nimeificha nyuma ya gogo nililofungia anubiasi kwa uzi. (Anubiasi usiifukie lile shina lake nene, litaoza. Mizizi peke yake ndiyo ishike.) Vumbi jembamba linalipita, hivyo usitegemee maji yang'ae kama kioo.

Kama unaingiza gesi ya kaboni dioksidi ili uoteshe zulia la mimea, hili si lako, maana mapovu huisukuma gesi itoke juu. Mimea yangu inakua taratibu na haihitaji gesi ya ziada. Taa naiwasha kwa muda wa saa saba kila siku. Nikizidisha, majani ya anubiasi yanashika mwani.

Nimeridhika kiasi kwamba nimeongeza sponji ya pili kwenye pampu hiyohiyo, kwa kiunganishi cha njia mbili. Naiacha ishike bakteria humu kwa wiki kadhaa, kisha naihamishia kwenye tangi la watoto wa gapi, ambalo fundi wa vioo bado hajalimaliza.