Chupa za klipu za kuwekea mbegu: tazama mpira kwanza

Mombasa hata chumvi huloa ndani ya kikopo jikoni, sembuse mbegu za bamia zilizotiwa kwenye bahasha. Chupa za kioo za nusu lita, zenye klipu ya waya na mpira mfunikoni, zinapatikana maduka ya vyombo mjini na kazi hii zinaiweza. Kwa sharti.

Kioo hakina neno. Mpira ndio wa kukaguliwa. Upitishe kidole mzunguko mzima: mshono uliojitokeza au ufa mdogo, rudisha. Nyumbani tia shashi kavu ndani, funga, izamishe chupa kwenye beseni la maji usiku kucha. Shashi ikilowa, hiyo ni chupa ya sukari tu. Mpira wa silikoni huvumilia joto. Ule wa kawaida hukakamaa, kisha hupasuka.

Lakini chupa haikaushi kitu. Mbegu mbichi ikifungiwa humo huota kuvu. Wengi hupima kwa chumvi kavu: tia kijiko pamoja na mbegu kwenye chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, usishangilie bado. Kwa kufungia bila hewa mbegu inatakiwa ishuke hadi kama asilimia 8, na kuianika kivulini hapa pwani hakuifikishi huko.

Hapo ndipo silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, inahitajika: uzito sawa na wa mbegu, ndani ya kifuko cha kitambaa, siku saba chupa ikiwa imefungwa. Vile vipakiti vya maboksi ya viatu kwa kawaida vimeshanyonya unyevu wote, havisaidii. Nunua ya rangi ya chungwa, inayogeuka kijani ikishiba. Ya buluu huwa na kobalti, ambayo ni sumu, isikaribie sufuria ya kupikia. Mbegu ya tango iliyokauka sawasawa hukatika ta! ukiikunja. Ikipinda, irudishe kwenye silika jeli.

Chukua chupa nne ndogo, si moja ya lita mbili, maana kila ukifungua wakati wa masika unaingiza unyevu upya. Na ukiitoa kwenye friji, usifungue klipu mpaka kioo kiache kuwa baridi, la sivyo umande utatua juu ya mbegu zenyewe.