Black Sabbath na albamu yao 13: dramu ndiyo iliyoniudhi

Nianze na nyota, msije mkasema nimewapotezea muda: mbili kati ya tano. Na moja kati ya hizo ni ya mpiga gitaa Tony Iommi peke yake, wengine wagawane iliyobaki.

Albamu hii ya Black Sabbath, bendi ya Uingereza, ilitoka mwaka 2013 na nimeisikiliza sijui mara ngapi. Majuzi nimeirudia karibu wiki nzima hapa Katwe, Kampala, kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio na spika. Spika ikipona lazima ipimwe, na mimi sipimi spika kwa nyimbo za kubembeleza watoto. Kwa hiyo majirani wote, wachomelea milango na wafua sufuria, wanaijua 13 kuliko wangependa.

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja. Aliniletea spika ya kanisani kwao iliyopasuka karatasi, akasema yeye ndiye mpiga dramu wa pale. Nikafurahi, nikamwekea albamu. Alisikiliza kama nyimbo mbili, akitikisa kichwa, halafu akasema: "Mzee, hawa wengine wamechoka. Huyu wa dramu ndiye anayewabeba." Akacheka. Akacheka, banange! Nilinyamaza kimya, nikamwongezea shilingi 5,000 kwenye bei.

Kwa nini hasira zote hizo? Kwa sababu huyo wa dramu ndiye ambaye hakupaswa kuwepo.

Waliofuata habari za hawa watu wanajua. Ozzy Osbourne mwimbaji, Iommi, Geezer Butler wa gitaa la besi na Bill Ward wa dramu, wanne wa Birmingham, waliutoa muziki huu mzito mwaka 1970 na kila aliyekuja baadaye amekopa kwao. Kabla ya 13, albamu nzima ya mwisho ya Ozzy pamoja nao ilikuwa ya 1978. Miaka ikapita, wakazeeka, wakagombana, wakapatana, na mwishoni mwa 2011 wakatangaza kwamba wanarudi wote wanne. Sisi watu wazima tulifurahi kama watoto siku ya Idi. Kabla hata ya miezi mitatu kwisha Ward akasema mkataba aliopewa si wa kutia saini. Wenzake wakaendelea bila yeye. Kwenye albamu ya mwisho! Baadaye Ozzy akasema hadharani kwamba mwili wa Ward usingeihimili kazi. Inawezekana ni kweli. Lakini maneno kama hayo mtu huambiwa nyumbani, mlango umefungwa.

Nafasi akapewa Brad Wilk wa bendi ya Marekani, Rage Against the Machine, ambaye naye alikuwa ameshapita miaka 40, kwa hiyo huo ujana anaousikia yule kijana wa kanisani mimi sijui anausikia wapi. Mtayarishaji, Rick Rubin, alikuwa amelitaja kwanza jina la mpiga dramu mkongwe Ginger Baker, na Iommi akashangaa. Mimi nisingeshangaa. Baker aliishi Lagos, akapiga na Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria, angalau angewaletea ngoma iliyokwisha kula pilipili.

Sisemi Wilk hajui kazi. Anajua, na hilo ndilo tatizo: anapiga kama saa ya ukutani. Ward alikua akiwasikiliza watu wa jazi, akina Gene Krupa, na ukisikiliza albamu zile za mwanzo utamsikia kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Unajua atafika chini, ila hujui mguu utatua lini. Gitaa linaingia, yeye anachelewa kidogo, halafu anaporomoka na matoazi yote. Kwenye 13 mtu ameshika tochi. Kila ngazi inaonekana.

Sawa, niseme ukweli, maana kuna rafiki zangu watakaosoma hapa na watanisema. Mimi mwenyewe nilipigia dramu bendi ya harusi, si mwaka mmoja wala miwili. Siku moja kiongozi wetu akaja na karatasi: wapya na wakongwe tutalipwa nauli na chakula, pesa ya kazi "itaangaliwa". Nikakataa kutia kidole. Jumamosi iliyofuata walikuwa Mukono kwenye harusi na kijana mwingine kwenye kiti changu, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza niko wapi. Bibi harusi alicheza vizuri tu. Basi mkiona naandika habari za Bill Ward kwa uchungu, mjue uchungu wenyewe una mizizi.

Jambo la pili, na hili naongea kama fundi. Sauti ya albamu imebanwa. Sehemu ya pole na sehemu ya kishindo zimeinuliwa mpaka zikalingana, ni kama mtu anayekuhadithia msiba na harusi kwa sauti ileile ya mnadani. Nyimbo zenyewe ni ndefu, ule wa kwanza una dakika nane, na ndani yake kuna mahali pa kupumua ambapo zamani ungesogeza sikio kwenye spika. Sasa husogezi. Unapunguza sauti, na ukipunguza, gitaa linakuwa dogo. Nimejaribu kwenye spika za kila namna, kubwa za sherehe na ndogo za mezani, ni kelele ileile.

Watu wengi hawakuliona hilo tatizo, nakubali. Albamu ilishika namba moja Uingereza, jambo ambalo hawakulipata tangu 1970, na Marekani ikawa namba moja yao ya kwanza kabisa. Mimi pia nilinunua.

Kuna mwenzangu, Mkongo wa Bukavu, mchomeleaji, kibanda chake kiko mkabala na changu. Mashine ilimkata nusu ya kidole cha shahada zamani. Muziki huu haupendi, yeye ni mtu wa rumba hasa. Lakini nilipomweleza kwamba Iommi alikatwa ncha za vidole viwili kwenye kiwanda cha mabati akiwa na miaka 17, siku aliyokusudia iwe ya mwisho kazini, akaja akakaa kwenye kiti changu. Nikamweleza jinsi mzee huyo alivyoyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize, na huko kulegeza ndiko kulikozidisha uzito wa sauti. Na kwamba 13 aliirekodi akiwa katikati ya matibabu ya saratani. Tukasikiliza "Damaged Soul" mpaka mwisho bila neno. Kisha akasema, "Kaka, huyu papa anapiga sawa mutu mwenye anajua chuma inauma."

Hapo nikapandisha nyota moja. Tatu.

Mama mwenye kibanda alikaribia kunishusha tena. Yeye ni mlokole, na alikuja kuchukua kodi wakati simu inaonyesha jina la wimbo: "God Is Dead?" Mwanawe alimtafsiria kwa furaha, mtoto mbaya yule. "Baba, katika nyumba yangu?" Nikajitetea. Nikamwambia Mama, aliyeandika maneno haya ni Geezer Butler, mtu aliyelelewa Katoliki, na mwisho wa wimbo anayeimba anasema haamini kwamba Mungu amekufa. Nikamwonyesha na alama ya kuuliza. Akaitazama ile alama, akanitazama mimi: "Hicho kiulizo kwenye spika hakisikiki."

Sikuwa na jibu. Na kwa kweli Ozzy mwenyewe anavyouimba, hakisikiki.

Lakini kuna wimbo wa mwisho, "Dear Father", ambao Mama angeusikiliza kwa makini angeweza hata kuombea. Ni mtu aliyeharibiwa utotoni na padri, sasa amekuja kudai. Unapoisha inaingia mvua, radi, na kengele ya kanisa. Ni mvua ileile iliyofungua albamu yao ya kwanza mwaka 1970. Jioni niliyofika hapo mvua ya kweli ilikuwa inapiga mabati ya Katwe, maji yameanza kujaa mtaroni, nami nimeinua miguu juu ya stuli. Nikasubiri ya kwenye spika iishe. Haikuisha. Nikasimama kuizima, nikakuta albamu imekwisha kitambo, na stima ilikuwa imekatika.

Nne. Niwape nne? Nilikaa gizani nikiwaza kwamba nimewaonea.

Halafu nikakumbuka Ward hayumo, nikarudi tatu.

Julai 2025 walipiga mara ya mwisho kabisa, uwanja wa Villa Park, kwao Birmingham. Safari hii walikuwa wote wanne. Ozzy kwenye kiti chake cha enzi, hawezi kusimama, na Ward nyuma, amevua shati, kifua wazi kama zamani. Tulitazama vipande kwenye simu, mimi na Mkongo wangu, kioo chenyewe kina ufa. Ward alikuwa anachelewa. Safari hii ilikuwa kuchelewa kwa uzee, si kule kwa makusudi, nimepiga dramu najua tofauti. Mara mbili hivi niliona anatafuta pa kuingilia. Ozzy alifariki tarehe 22 mwezi huohuo.

Kwa hiyo labda Ozzy alisema kweli kuhusu ule mwili. Labda kama Ward angekuwemo tungepata albamu ya kuhurumia watu, na mimi ningeandika hapa nikilalamika kwamba wamemchosha mzee wa watu. Sijui. Ningependelea hiyo. Ile ya kuchelewa.

Kama hujawahi kuwasikiliza usianze na hii, anza na za 1970, zote mbili. Kama unawajua, nunua, ila punguza sauti kidogo na usiniulize habari za dramu.

Yule wa kanisani alirudi kuchukua spika yake juzi. Akaipima, ikalia vizuri, akaniuliza kama ninayo albamu ambayo "yule mwingine" amepiga. Nikamwekea ya kwanza kwenye flashi yake. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono unapiga paja, mara anawahi, mara anasimama kumngoja Ward. Hakucheka.

Nyota nne, basi. Lakini ile 5,000 sirudishi.