Espreso kali, piza ya wastani na tivii ya Kitaliano: kamkahawa kamoja nyuma ya Lamu Road, Malindi

Kama uko Malindi na unataka espreso ya ukweli, si yale maji ya rangi wanayokuuzia mahoteli ya ufuoni, ingia vichochoro vya nyuma ya Lamu Road uulize mkahawa wenye tivii ya Kitaliano, watu wa tuktuk wanaujua. Jina sitaji manake nina ya kulalamikia pia.

Kahawa kwanza. Yule kijana wa mashine kazi anaijua jamani, anagonga kile kishikio mpaka masalio yote yadondoke ndo atie mpya, na kikombe kikija kina lile povu la hudhurungi, ukimwagia sukari inakaa juu kidogo halafu ndo inazama polepole. 150 tu. Kapuchino ni 250, na ukiagiza mchana baada ya kula wale wazee wa Kitaliano wa meza ya nje watakuangalia vibaya, achana nao, pesa ni yako.

Piza sasa... unga mzuri, jibini wanabana. Tanuri la kuni hawawashi mpaka jioni kwa hivyo piza ya mchana inatoka kwenye oveni ya stima na inakuwa laini laini hivi, mi siitaki. Bora spageti za pweza.

Lakini mi nikwambie ukweli, kinachonirudisha pale ni tivii. Inashinda kwenye stesheni ya habari ya huko, sauti chini, vichwa vya habari vinapita tu chini ya skrini. Mi nimeishi Genova, ule mji wa bandari wa Italia, miaka, nilikuwa namuangalia nyanya mmoja mtaa wa Certosa, kwa hivyo likipita jina la Genova tu kahawa inapoa. Juzi wakaonyesha tena ile kesi ya kuanguka kwa daraja la Morandi la hukohuko Genova, ile ilianza Julai 2022 na washtakiwa 59, na kila wakiitaja lazima waweke ile picha ya lori la kijani limesimama ukingoni pale daraja lilipokatikia. Watu wa meza zingine wanakula zao. Mi naona basi langu la kwenda sokoni linapita chini yake, naona nguo zimeanikwa kwenye roshani za zile nyumba zilizokuwa chini kabisa ya daraja, malori yanaunguruma juu ya vichwa vya watu na hakuna anayeinua macho, manake lilikuwepo tangu 1967, nani ataliangalia. Lilianguka 14 Agosti 2018, mvua inanyesha, watu 43 wakafa. Mi nilisharudi nyumbani Malindi, nikashinda siku nzima nikipiga simu kwa watu wa Certosa hazishiki. Sasa hivi kuna jipya, lilifunguliwa 2020, mchoro wa Renzo Piano ambaye ni mtu wa hukohuko Genova. Sijawahi kulipita, na kila wakilionyesha naliona kama liko mji mwingine.

Na hapo ndo raha ya huu mkahawa, huwi peke yako na habari. Kuna ami mmoja baharia mstaafu, meza yake ni ile ya karibu na friji. Nilikuwa nimemshikamoo tu nikakaa, ikaja habari ya ile meli Costa Concordia iliyogonga mwamba kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, wakafa 32, nikaropoka kwamba mi niliiona ikiletwa Genova kukatwakatwa vyuma, Julai 2014, tulishuka ufuoni Pegli watu kibao kuiangalia inavutwa kama mgonjwa. Ami akageuka, binti yangu kumbe ulikaa Genova! Basi akachukua kopo la sukari na viberiti viwili akanieleza walivyoielesha, yale masanduku makubwa ya chuma waliyofunga ubavuni, wanayatoa maji wanayajaza hewa mpaka meli inainuka. Miaka yote nilikuwa nimeiona kwa macho na sijui iliinukaje, nimekuja kuelewa Malindi juu ya meza ya plastiki. Yeye bandari yote ya Genova anayo kichwani, ule mnara wa taa Lanterna anauongelea utadhani ni jirani yake.

Mabaya. Ikifika jioni kuna mpira wanabadilisha stesheni bila kuuliza mtu, sauti juu, hapo ondoka tu. Waitresi wana heshima lakini wanachelewa, na bili ihesabu mwenyewe manake mi niliwahi kukuta maji ambayo sikunywa. Waifai ipo kwa jina.

Ombi langu kwa mwenyewe: weka farinata, kile chakula cha Genova. Ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, inamwagwa nyembamba kwenye sinia pana la shaba inaingia kwenye tanuri la kuni mpaka iungue ungue pembeni. Huku unga wa dengu kila duka unao sababu ya bajia na tanuri unalo, unangoja nini?

Jumatatu hawafungui. Na Mei, Juni hivi, Wataliano wengi wakiwa wamerudi kwao, wanafungua jioni tu, kwa hivyo ukija msimu wa kusi uliza mtu wa tuktuk kabla hujapanda.