Papa haonekani na bado naogopa: maoni yangu kuhusu filamu kadhaa

Mimi si mhakiki. Sijasomea filamu, na kamera moja inatofautiana vipi na nyingine sijui. Ninachotaka nikikaa mbele ya skrini ni picha iniachie kazi yangu ya kutazama, isinieleze kile ambacho macho yangu yameshakiona. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyozipandisha na kuzishusha filamu zote ninazozitaja hapa, zikiwemo ambazo wengi wanaziheshimu kuliko ninavyoziheshimu mimi. Nafichua baadhi ya matukio, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa uhondo aziruke aya za filamu ambazo bado hajaziona.

Naanza na Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975. Papa wa mashine aliyetengenezewa filamu ile alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi Spielberg apige matukio mengi bila yeye. Matokeo yake, karibu saa nzima unaona miguu ya waogeleaji ikining'inia majini, unaona kipande cha gati kilichong'olewa kikigeuka na kumfuata mtu aliyeanguka, unasikia zile noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams, na samaki mwenyewe hujamwona sawasawa. Nimetazama filamu nyingi za miaka ya karibuni ambazo dude la kompyuta linajitokeza mapema likiwa na kila jino lake, na baada ya hapo sina tena cha kuogopa. Halafu kuna usiku ule ndani ya mashua, Robert Shaw akisimulia jinsi mabaharia wa meli ya Indianapolis walivyoliwa na papa. Hatuonyeshwi chochote cha tukio lile. Ni mzee anaongea tu mezani, na kwangu hicho ndicho kipande kinachotisha kuliko vyote.

12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957, ina dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja chenye joto. Wanaume 12 wa jopo la mahakama wanaamua kama kijana fulani amemuua baba yake. Kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia. Aliyebaki, anayeigizwa na Henry Fonda, anasema hana uhakika. Mtu akikuambia hii ni picha isiyo na rangi ya watu wanaobishana tu, usimsikilize. Lumet anaishusha kamera polepole na kubadilisha lenzi kadiri muda unavyokwenda, mpaka kuta zinaonekana kusogea na dari kuwalemea watu wale. Hayo niliyasoma baadaye. Nilipokuwa natazama nilichohisi ni kukosa hewa. Na hadi mwisho hatuambiwi kama kijana aliua au hakuua. Kuna wanaoliona hilo kuwa ni pengo, na nimebishana nao sana. Wale wanaume walitakiwa kusema kama wana shaka, basi. Nani aliua halikuwa swali lao, na Lumet anatutoa ukumbini tukiwa na shaka ileile waliyokuwa nayo.

Sasa niziseme zilizoniudhi. The Lion King ya 1994 ilikuwa na dakika 88. Ile ya 2019 ya Jon Favreau ikaongezwa nusu saa, na karibu kila kitu ndani yake kimetengenezwa kwa kompyuta ili kifanane na wanyama halisi. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hiyo najua walioipenda ni wengi. Mimi ilinipita. Simba wa kuchorwa alikuwa na nyusi na mdomo wa kuhuzunika. Simba anayefanana na simba wa kweli hana uso wa msiba. Mufasa anapokufa, sauti ya mtoto inalia huku uso wake umetulia kabisa. Nimeachiwa kazi ya kutazama, ndiyo, lakini cha kutazama hakuna.

Kwa Christopher Nolan nina mapenzi na hasira kwa pamoja. Tenet ya 2020 ilinichosha. Mapema tu kuna mwanasayansi anayemwambia steringi asijaribu kuelewa, ahisi, kisha filamu nzima inatumika kueleza na kueleza, tena katika mazungumzo ambayo nusu yake yamemezwa na muziki na milio ya mitambo. Kama ni muhimu, nisikie. Kama si muhimu, waniachie mbio na mapigano, maana hayo yametengenezwa vizuri sana. Miaka mitatu baadaye mtu huyuhuyu akatoa Oppenheimer, kuhusu mwanasayansi wa bomu la atomiki, saa tatu za watu kukaa vyumbani na kuongea, na sikuchoka mpaka walipofika kwenye mambo ya Strauss, afisa wa serikali aliye hasimu wa Oppenheimer, na vikao vyake, ambayo kwangu yanavutwa mno. Bomu la majaribio linapolipuka jangwani, mwanga unakuja kwanza na sauti inachelewa, kama inavyokuwa kweli mlipuko ukiwa mbali. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata waliokuwa wanatafuna wakaacha. Na pale Oppenheimer anapowahutubia wenzake baada ya Hiroshima, watu wanapiga miguu chini kwa furaha, na usoni mwa Cillian Murphy unaona kitu ambacho hotuba yake haisemi. Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora aliistahili kwa dakika zile peke yake.

Titanic ya 1997 watu wanaicheka siku hizi. Siicheki. James Cameron alifanya jambo la akili sana mwanzoni: mtafiti mmoja anamwonyesha Rose, akiwa bibi mzee, mchoro wa kompyuta wa jinsi meli ilivyojaa maji upande wa mbele, ikanyanyuka nyuma, ikakatika vipande viwili. Ni kitu cha dakika chache na unakisahau. Lakini meli inapoanza kuzama kweli, hakuna anayehitaji kukueleza lolote; unajua nini kinafuata kabla ya watu wa melini, na ndiyo maana kifua kinabana. Ubovu wake uko kwenye maneno. Cal, mchumba wa Rose, kila akifungua mdomo ni kututhibitishia kwamba ni mtu mbaya, wakati tulishamwelewa tangu alipompangia Rose chakula mezani. Filamu ilichukua tuzo 11 za Oscar, lakini kwenye kuandika haikupendekezwa hata kugombea, na katika hilo nakubaliana na wapiga kura.

Parasite ya Bong Joon-ho, ya 2019, ilikuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya filamu bora. Ninaowapendekezea huogopa kusoma maandishi chini ya skrini. Wasiogope, baada ya muda mfupi unasahau kama unasoma. Kuna asubuhi baada ya mafuriko ambapo familia maskini imelala kwenye ukumbi wa michezo, nyumba yao imejaa maji ya choo. Mama tajiri yuko kwenye gari anashukuru kwamba mvua imesafisha hewa, kisha anafungua dirisha kwa sababu ya harufu ya dereva wake, ambaye ndiye baba wa familia ile maskini. Dereva hasemi kitu. Kamera inabaki usoni mwake, na yale ya kutisha yanayotokea kwenye sherehe baadaye yote nilikuwa nimeshayaona pale.

The Shawshank Redemption, ya 1994, ingepaswa kunikera, maana Morgan Freeman anasimulia kutoka mwanzo hadi mwisho. Hainikeri hata kidogo. Mfungwa mmoja, Andy, anapowasha muziki wa Mozart kwenye vipaza sauti vya gereza na wafungwa wote wakasimama uwanjani, msimulizi anasema hajui wale wanawake walikuwa wanaimba nini na wala hataki kujua. Msimulizi anayejua pa kukomea ni adimu. Ilipendekezwa kugombea tuzo saba za Oscar ikatoka mikono mitupu, na mwanzoni hata ukumbini haikupata watu. Darabont, mwongozaji wake, alitaka iishie Red, yule msimulizi, akiwa ndani ya basi. Wenye fedha wakaomba marafiki wale waonekane wakikutana ufukweni. Kwa kipimo changu mwisho wa basi ndio sahihi. Lakini ule ufukwe nautaka. Baada ya miaka yote ile ya kuta, nautaka.

3 Idiots nitaisema kwa ufupi: nusu ya kwanza inapendeza mno, nusu ya pili inalia sana, na kila mara muziki unakukumbusha kwamba hapa ndipo pa kutoa machozi. Dakika 170 ni nyingi kwa hilo. Black Panther nayo ina adui anayemzidi steringi, kwa sababu Killmonger ana hoja ambayo filamu haiwezi kuijibu. Mavazi ya Ruth E. Carter ni ya kutazamwa hata bila sauti. Pigano la mwisho ndani ya handaki, miili ya kompyuta ikirushwa huku na huku, ningelikata lote.

Ambayo haijulikani inavyostahili ni Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya 2014. Wapiganaji wa itikadi kali waliouteka mji huo wa Mali wamepiga marufuku mpira, basi vijana wanacheza mechi nzima bila mpira: pasi, chenga, penalti, goli. Wenye bunduki wanapopita kwa pikipiki, vijana wanajifanya wanafanya mazoezi ya viungo. Filamu nyingine ingeweka pale hotuba ya haki za binadamu. Sissako haweki neno.

Kama una jioni moja tu, weka 12 Angry Men, zima simu, na utazame na mtu anayependa kubishana. Timbuktu usiiweke mkiwa na wageni wanaoongea, utaikosa yote. Tenet, kama lazima, washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza unakijua vizuri.