African Storybook: tulivyoacha kutuma maboksi ya vitabu Bungoma

Desemba 2022 nilipoenda nyumbani, mwalimu mkuu wa shule niliyosomea, karibu na Chwele, Kaunti ya Bungoma, alinifungulia kabati la ofisini kwake. Humo mlikuwa na vitabu tulivyotuma sisi wenyewe kutoka Lowell, Massachusetts. Maboksi matatu mazima, vimepangwa vizuri, vingine bado vina nailoni. "Tumevitunza," akaniambia kwa heshima. Nikachomoa kimoja, nikakuta mtoto anazoa theluji kwa sepetu mbele ya gereji. Mtoto wa Gredi ya 2 anayeongea Kibukusu nyumbani angeanzia wapi?

Kusafirisha maboksi hayo kulitugharimu dola 480, tena yalikaa Mombasa wiki sita kwa sababu ajenti tuliyemlipa hakukamilisha karatasi. Sisi ni watu tisa, wengi tunahudumia wazee, na kila mmoja huchanga dola 20 kwa mwezi. Hizo ni hela za zamu za usiku. Ndiyo maana nataka wenzangu walio ughaibuni wajue tulichokipata badala ya maboksi, kwa sababu bado naona watu wanachanga nauli ya meli.

African Storybook ni maktaba ya hadithi za watoto kwenye intaneti. Ilianzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hulipi chochote. Hadithi zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile za maneno machache chini ya picha hadi zile ndefu za mwalimu kulisomea darasa. Zipo kwa Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingi za Afrika, na nilipoona Kibukusu kwenye orodha niliita watu wote nyumbani waje waone. Mtaala wetu unataka watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini kitabu cha hadithi cha Kibukusu mimi sijawahi kukiona dukani mjini Bungoma.

Jambo lililotufaa kuliko yote ni leseni. Hadithi ziko chini ya leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa kuzichapisha, kuzigawa na kuzitafsiri, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Ukitaka kutafsiri, picha zinabaki zile zile, nawe unaandika maneno ya lugha yako.

Hapo ndipo tulipopata kazi ya kufanya kwa mikono yetu. Jumamosi saa nne asubuhi ya huku, ambayo wakati wa kiangazi chetu ni saa kumi na moja jioni kule, tunampigia shangazi yangu, senge, tumsomee tulichotafsiri. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya kuku. Nilisoma sentensi ya pili, akanikatiza. "Kuku hakai juu ya mayai, mwanangu. Mtu ndiye anayekaa." Akanipa neno letu la kuatamia, neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu nilipokuwa mdogo jikoni kwa kukhu, yaani bibi. Nilinyamaza kidogo kwenye simu. Siku hiyo tulitoa maneno kumi na moja ya Kiswahili yaliyokuwa yamejipenyeza kwenye Kibukusu chetu, na ukurasa mmoja ulituchukua karibu saa nzima.

Kuchapisha tunafanyia mjini Bungoma. Hadithi ya kurasa 16 inakula karatasi nne za A4, pande zote mbili, zikikunjwa katikati. Tukiweka jalada lenye plastiki, nakala moja inatugharimu shilingi 70. Dola ikiwa shilingi 129, nauli ya yale maboksi matatu ingetupa nakala zaidi ya 800. Mwambieni fundi achague chapa ya kijitabu (booklet), kisha akunje nakala moja muikague kabla hajaendelea. Sisi mara ya kwanza hatukukagua, tukapata nakala 50 ambazo ukurasa wa tatu unafuata wa kumi na nne. Picha za rangi hafifu zikichapwa nyeusi na nyeupe hazionekani vizuri, hivyo chagueni zenye michoro ya mistari mizito.

Kwa kuwa watu wa kawaida pia wanaruhusiwa kuweka hadithi zao, someni neno kwa neno kabla ya kuchapisha. Tovuti inatofautisha zilizopitishwa na wahariri wake na zile za watumiaji. Ipo pia programu ya simu ya kusomea, ambayo ukishapakua hadithi haihitaji mtandao. Mwalimu wa Gredi ya 1 anaitumia kuchagua zitakazochapwa muhula unaofuata. Kazi ya kuchagua tumemwachia yeye kabisa, na nasikitika kwamba tulipotuma yale maboksi hatukumuuliza.

Mwezi Machi alinitumia video kwenye WhatsApp. Kijana mdogo, sweta limetoboka kiwikoni, anapitisha kidole chini ya maneno. Anafika kwenye engokho, yaani kuku, kidole kinasimama. Anaisoma polepole, kisha anamwangalia mwalimu na kucheka kwa furaha, maana ni neno analolisema kila siku uani kwao na hajawahi kuliona limeandikwa. Nimeitazama video hiyo mara nyingi nikiwa kwenye basi alfajiri, nikitoka kazini.

Sasa senge ametupa hadithi ya fisi aliyoipokea kwa kukhu, nasi tutaiweka humo. Picha zinachorwa na wanafunzi wa Gredi ya 6. Wamenitumia ya kwanza juzi: fisi ana miguu mitano, na mchoraji anasema mmoja ni mkia, niupake rangi.