TAHADHARI: Kuna mtu anatuuzia Waswahili wa Texas tochi na vioo feki vya bunduki

Jamani, naomba msome hii mpaka mwisho, hasa nyinyi mnaokwenda kuwinda nguruwe pori usiku. Nimepigwa dola 480 na mtu anayeongea Kiswahili safi kabisa, tena tuko naye kundi moja la WhatsApp. Hela inauma, lakini nisingeandika kwa ajili ya hela tu. Alichoniuzia kilikaribia kuniponza nikiwa gizani na bunduki yenye risasi mkononi, kwenye shamba la watu.

Wengi mnajua hali ya hapa. Nguruwe pori wanafukua malisho usiku kucha, na tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya uwindaji kwa nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi amekuruhusu. Mimi nyama yake siigusi. Nakwenda kumsaidia mzee mmoja mfuga ng'ombe aliyetupokea vizuri sana familia yetu ilipohamia huku, na shamba lake limechimbwa hadi huwezi kupitisha trekta. Kwa kazi ya usiku unahitaji tochi kali ya kufunga kwenye reli ya bunduki, na kioo cha doti nyekundu cha kulengea. Vyote viwili vikiwa halisi na vya daraja la juu, unazungumzia zaidi ya dola 1,100. Ndugu, ukiwa na kodi ya nyumba na wazazi wanaokutegemea nyumbani, bei hiyo inakufanya utafute njia ya mkato. Yeye analijua hilo vizuri.

Jina lake silitaji kwa sababu nimeshamkuta kwenye makundi mawili akitumia majina mawili tofauti. Mtamtambua kwa maneno yake. Husema alifanya kazi ya ulinzi ng'ambo na kambi ilipofungwa waligawiwa vifaa. Mimi aliniandikia hivi: "Kaka, kwa mtu wa nje hii naitoa mia sita, wewe ni mwenzetu, lete mia tatu na hamsini, tochi nitakuwekea kwa mia na thelathini." Kioo alikiita Aimpoint Micro T-2, kile cha Wasweden. Tochi aliiita SureFire M600DF. Akataka nilipe kwa kutuma moja kwa moja benki kwa simu, akisema zile njia nyingine "zinakula makato". Nikatuma. Mzigo ulikuja baada ya siku sita, maboksi mazuri, vitabu vya maelekezo ndani, hata kitambaa cha kufutia lensi. Mke wangu aliuliza kwa nini boksi la mtu aliyeko Texas lina stempu ya ghala la jimbo jingine. Ningemsikiliza.

Sasa sikieni usiku wenyewe. Tulikuwa wawili nyuma ya pikapu, saa sita na kitu, upepo unatupiga usoni. Nikawasha tochi, nguruwe mmoja mkubwa yuko karibu na tangi la maji, yadi kama sabini. Doti nimeiweka begani kwake, sefti nimeshaondoa, kidole bado kiko nje ya triga. Tochi ikapepesa mara mbili, ikazima. Doti ikabaki peke yake, nyekundu, inaelea kwenye giza tupu. Nilijua nguruwe yuko pale. Nilikuwa nimemwona sekunde tatu tu zilizopita. Nikashusha mtutu, nikamwambia mwenzangu awashe ya kwake. Alipowasha, nguruwe hayupo, na pale pale doti ilipokuwa amesimama ndama wa yule mzee, anatutazama. Alikuwa amejificha nyuma ya tangi muda wote. Mikono ilinitetemeka mpaka nikashindwa kutoa magazini.

Kesho yake nilivikagua vizuri, na ndicho ninachotaka mkijue.

Nilianza na betri ya tochi. Ni ile nene ya kuchaji inayoitwa 18650, imeandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Betri ya aina hiyo kutoka kiwanda cha kuaminika huwa na takriban 3,500 hivi. Hiyo elfu tisa ni uongo mtupu. Nikaiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 27. Nzima huwa na gramu 45 hadi 50. Nusu ya kopo lile ni hewa au kijazio. Muuzaji huyohuyo anatangaza tochi nyingine ya betri moja kama hiyo eti ina lumeni 10,000. Pigeni hesabu: betri halisi ya ukubwa huo inabeba nishati ya wati kama 12 kwa saa moja, na mwanga wa lumeni 10,000 unahitaji karibu wati 100. Hata kama betri ingeweza kutoa umeme wote huo kwa mkupuo, ingekauka ndani ya dakika nane, na tochi ingekuunguza mkono kabla ya hapo.

Halafu hizi lumeni zenyewe zinatudanganya sana. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa. Mwanga unafika mbali kiasi gani, hiyo ni kandela. SureFire M600DF halisi imetajwa kuwa na lumeni 1,500 na kandela 16,700, mwanga mpana, mzuri kwa karibu. Tochi nyingine, Modlite PLHv2, ina lumeni chache zaidi, 1,350, lakini kandela 54,000, kwa hiyo huko malishoni inamulika mbali zaidi. Muuzaji anayekutajia lumeni tu na ukimuuliza kandela anabadilisha mada, muache aende zake. Huyu wetu nilipomuuliza alinijibu kwa emoji ya misuli.

Kioo nacho. T-2 halisi ina ngazi 12 za mwanga, na 4 za mwanzo ni za kutumia na miwani ya usiku, doti pale ni hafifu mno kwa jicho la kawaida. Cha kwangu doti iliwaka wazi kuanzia ngazi ya kwanza, na ukiendelea kuzungusha inageuka kijani. T-2 haina kijani. Betri ya kioo halisi, kile kidonge cha CR2032, hudumu hadi saa 50,000 hivi, yaani unawasha unasahau zaidi ya miaka mitano. Yangu iliisha siku ya tatu. Kilichobaki ni maji. Halisi inahimili kuzamishwa hadi mita 25. Nilikiweka kwenye beseni la maji ya kawaida, kina cha kiganja, na kabla dakika kumi hazijaisha ukungu ukatanda ndani ya lensi. Nilipokitikisa karibu na sikio nikasikia kitu kinagonga ndani, tik, tik.

Uwanja wa shabaha nao ulithibitisha. Risasi tano kwa yadi 50, bunduki imelazwa kwenye mfuko wa mchanga. Mbili za kwanza ziligusana. Ya tatu ikashuka inchi mbili kulia, ya nne ikashuka zaidi, ya tano ikatoka nje ya karatasi. Nimefungua skrubu na kuzikaza upya, hali ileile. Kioo kinahama kwa kila mshindo. Mtu akikuuzia kifaa kilichotumika, mwombe mwende uwanjani kwanza, risasi 20, halafu ndipo hela. Akikataa umeshapata jibu. Na kama kina namba ya utambulisho, ipige picha uipeleke kwa kampuni yenyewe kabla hujalipa; feki nyingi zinatoka na namba ileile moja kwenye mamia ya vioo.

Wanaotafuta vile vioo vya kulengea vya kampuni ya EOTech, jueni kwamba kimoja hutoka na rangi moja tu kiwandani. Ukiona kitufe cha kubadilisha nyekundu na kijani, ni feki. Na darubini ya kulengea ya Trijicon ACOG, aina ya TA31, haina betri kabisa, inawaka yenyewe kwa tritiamu (gesi yenye mionzi inayotoa mwanga) usiku na kwa uzi wa mwanga mchana. Ikiwa na kifuniko cha betri, rudisha.

Kuna jambo zito kuliko yote haya. Baada ya kuninasa kwa tochi, alinitumia picha ya "kichujio cha kusafishia mtutu", bomba la alumini lenye vikombe ndani, dola 90. Akaniambia ukitoboa vile vikombe kinapunguza sauti. Ndugu zangu, hicho ni kizuia sauti. Kukimiliki bila kusajiliwa serikali kuu ni kosa la hadi miaka 10 jela. Na sisi wenye kadi ya ukaazi tuko pabaya zaidi, kwa sababu hukumu ya kosa la silaha inaweza kukufukuzisha nchini hata kama umeishi miaka ishirini na watoto wamezaliwa hapa. Kama ameshakutumia picha hiyo usimjibu chochote, mfungie. Kama umeshanunua, tafuta wakili leo, usikitoboe na usimpe mtu mwingine.

Pia anajitolea "kusafirisha nyumbani" darubini za bunduki kwa ndugu wenye leseni Tanzania na Kenya, ndani ya pipa la nguo. Vioo vya kulengea vya bunduki viko kwenye orodha ya Wizara ya Biashara ya Marekani ya vitu vinavyodhibitiwa kupelekwa nje, na pipa lina jina lako, si lake.

Nimeripoti kwa FBI kupitia IC3, kituo chao cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni, na kwa polisi wa hapa. Benki imesema hela niliituma mwenyewe kwa hiari yangu, hairudi. Kama na wewe alikuuzia, niandikie inbox unieleze ulilipa vipi na lini, tuunganishe ripoti, maana mtu mmoja na dola 480 hawamshtui yeyote. Picha za mizani, beseni na karatasi ya shabaha nazituma kwa yeyote anayeomba.

Na kama tochi yako ina betri yenye maandishi ya 9,900 mAh, itoe usiku huu. Usiichaji ndani watoto wakiwa wamelala. Yangu ilipowekwa kwenye chaja ilipata moto mpaka nikaitoa nje kwa koleo, na sasa iko kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya nyumba nikisubiri Jumamosi niipeleke wanakopokea betri mbovu.