Bia nzito nyeusi za Ubelgiji: kwangu Rochefort 10 inaongoza

Kama una hela ya chupa moja tu, nunua Rochefort 10, ile yenye kizibo cha bluu. Tangu nihamie Ubelgiji nimeonja bia nyingi za jamii hii, za watawa na za viwandani, na bado sijakutana na iliyoipita.

Inapikwa ndani ya abasia, yaani monasteri, ya Notre-Dame de Saint-Rémy, nje kidogo ya mji wa Rochefort, na ina kilevi asilimia 11.3. Usiipite haraka namba hiyo. Chupa moja ya sentilita 33 ina kilevi sawa na chupa moja na nusu za nusu lita tulizozoea nyumbani, kwa hiyo hainywewi kwa haraka, wala hainywewi baridi. Ukiitoa kwenye friji na kuimimina papo hapo, utaonja utamu na ukali wa kilevi basi. Mimi naiacha mezani kwanza mpaka ifike kama nyuzi 12 au 14, kisha naimimina taratibu kwenye glasi ya mdomo mpana, nikiacha kidogo cha mwisho chupani maana mashapo ya hamira yametulia pale chini. Hamira hiyo ina kazi. Bia inapojazwa huongezewa sukari kidogo na hamira mpya, ikaendelea kuchachuka humo humo ndani ya chupa. Ndiko inakotoka gesi na lile povu zito la rangi ya maziwa ya chai, na ndiyo maana chupa inaweza kukaa stoo miaka kadhaa bila kuharibika.

Kwa macho ni kahawia iliyokolea. Inua glasi kwenye taa utaona wekundu pembeni. Puani inakuja tende, zabibu kavu, chokoleti chungu, halafu kwa mbali giligilani. Funda la kwanza ni tamu kweli. Lakini ukishameza, utamu unakatika, ulimi unabaki mkavu na joto linashuka kifuani polepole.

Hapo pa kukatika ndipo ninapoipimia bia ya aina hii. Wengi hudhani sukari inayotiwa kwenye sufuria ndiyo inayoifanya iwe tamu, kumbe karibu yote huliwa na hamira na kugeuka kilevi. Inachofanya ni kuipa bia nguvu bila kuifanya nzito mdomoni, na ikiwa ni ile iliyounguzwa, inaacha rangi na harufu yake. Ukipata bia ya asilimia 10 inayonata midomoni hadi unashindwa kumaliza glasi, mpishi alitegemea kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, mno au hamira haikumaliza kazi. Rochefort 10 haijawahi kunifanyia hivyo.

Sasa tuje kwa ile yenye jina kubwa, Westvleteren 12. Ina asilimia 10.2, inatoka abasia ya Sint-Sixtus, chupa yake kwa miaka mingi haikuwa na lebo, na jina lake limepaa kuliko la bia yoyote ninayoijua. Watawa wanaiuza wenyewe kwa watu waliotoa oda, na mnunuzi anaombwa asiiuze tena. Hata hivyo Brussels nimeikuta dukani kwa bei ya kutisha. Bei hiyo sijaipenda kabisa. Bia ni nzuri, laini, ina karameli na tunda lililoiva, na kwa bei ya abasia inastahili kila senti. Kwa bei ya walanguzi, hapana. Ukitaka kuionja, nenda kakae mkahawa wa In de Vrede, unaotazamana na abasia, ukanywe glasi yako kwa utulivu.

Au nunua St. Bernardus Abt 12, na hapa nasisitiza. Kiwanda hiki cha Watou, si mbali na Westvleteren, kilipika bia za watawa wa Sint-Sixtus kwa leseni kuanzia 1946 hadi 1992. Leseni ilipokwisha wakaendelea na za kwao. Haina muhuri wa Watrapisti, yaani shirika la watawa wa abasia hizi, kwa sababu haipikwi ndani ya abasia, lakini ina asilimia 10, inapatikana kirahisi, na ina harufu ya ndizi mbivu na karafuu inayoletwa na hamira yenyewe. Tulipoketi na marafiki tukazionja bila kujua ipi ni ipi, glasi zote sawa, wengi walishindwa kuitofautisha na Westvleteren. Kwangu ni namba mbili.

Chimay ya bluu ilikuwepo mezani pia. Ni nyepesi kidogo, asilimia 9, na ilianza kama bia ya Krismasi. Ikiwa changa ina pilipili pilipili na haina kina. Tazama mwaka kwenye lebo, iweke mahali penye giza na ubaridi miaka miwili au mitatu, itakuja na ladha ya tende na divai tamu. Rafiki yetu wa Goma aliipa alama za juu kuliko sisi wote, na akatukumbusha kwamba watawa wa Scourmont, wenye bia hii, ndio walioanzisha monasteri ya Mokoto kule Kivu ya Kaskazini.

Mkiamua kuonja kadhaa kwa pamoja, anzeni na Chimay na mmalizie na Rochefort, maana ukianza na kali zaidi hutaonja kitu kwenye zinazofuata. Chupa moja mgawane watu wawili, maji yawepo mezani, na jibini kavu au nyama ya kuchoma isiyo na pilipili nyingi. Anayeendesha gari asiguse. Na mkiwa wanne, Abt 12 inauzwa pia kwenye chupa kubwa ya sentilita 75. Hiyo ndiyo ya kuchukua.